Mabawa Matatu ya Shambani

Jumatatu, 4 Machi

Leo bosi katuita wote watano chumbani kwake, chumba chenye viti vitatu. Nimesimama karibu na mlango, mahali pa mtu anayetaka kuonekana. Kasema kampuni inatafuta msimamizi wa mizigo mikubwa. Nikakohoa. Hakunitazama.

Mzigo wa kwanza umeshafika kwenye uwanja wetu wa mizigo. Ni mtambo wa upepo wa kuendesha pampu ya maji, umenunuliwa na mkulima wa vitunguu ng'ambo ya bahari. Kuna mnara, kuna jenereta, na yale mapanga yake matatu yanayozunguka, kila moja mita kumi na saba. Meli inaondoka Jumamosi.

Karatasi zote hapa ofisini hushikwa na Mama Nyaraka. Mwaka wa kumi na mbili huu. Sasa yuko likizo hadi keshokutwa. Nimeona mwanya. Akirudi akute kazi imekwisha na cheo kina mwenyewe.

Nimemweleza mke wangu. Kauliza kama nimewahi kujaza fomu ya forodha. Nimemjibu kwamba nimeiona ikijazwa mara nyingi sana.

Jumanne, 5 Machi

Fomu ni rahisi kuliko sura yake. Nimekwama mahali pamoja tu, kisanduku cha aina ya bidhaa, ambacho upana wake ni vidole viwili. Kwanza niliandika "mapanga matatu". Nikasita. Panga la mita kumi na saba lingeita polisi. Nimefuta, nimeandika "mabawa matatu". Matumizi: shambani. Hali: mazima.

Nimegonga muhuri mara mbili, kwa uhakika. Saa nne asubuhi fomu imekwenda bandarini. Mchana nimekula taratibu, kama msimamizi.

Jumatano, 6 Machi

Mama Nyaraka karudi, amenenepa kidogo, amependeza. Kaomba kuona nakala ya fomu. Nimesema iko kwenye faili. Kauliza faili liko wapi. Nimesema liko njiani. Nilikuwa nimelikalia.

Saa sita bandari wamepiga simu. Mzigo umezuiwa usitoke uwanjani, shauri lake liko mikononi mwa ofisi ya mifugo. Wanataka cheti cha afya cha ndege mwenye mabawa hayo. Wameuliza pia, kwa heshima, kama wako wengine.

Mtu asiye na maarifa angesahihisha fomu. Lakini kusahihisha kunataka saini ya Mama Nyaraka, na nikienda kwake nimekwisha. Njia fupi ipo. Wanataka cheti, watapata cheti. Kaka wa mke wangu ni daktari wa mifugo.

Alhamisi, 7 Machi

Nilimwomba shemeji aandike tu, nyumbani, mezani, chai ikiwa mbele yake. Kakataa. Kasema katika maisha yake hajamtilia saini mnyama ambaye hajamwona.

Basi kaja uwanjani na koti jeupe. Kalizunguka bawa la kwanza kutoka ncha hadi ncha. Kaligonga. Kaliwekea sikio. Madereva wa matrela wameacha chai yao waje kutazama. Mmoja kashauri mgonjwa apimwe joto. Shemeji kafikiri kidogo, halafu kafungua mkoba.

Cheti chake kina mistari miwili. Hakuna dalili za ugonjwa. Hakuna dalili za uhai.

Nimekipeleka bandarini mwenyewe, mbio. Saa tisa wamejibu. Kwa kuwa daktari amethibitisha kwamba ndege si hai, wanaomba kibali cha machinjio. Kama hakuchinjwa, waelezwe amekufaje.

Jioni nyumbani, shemeji kasema hawezi kueleza kifo bila kuona kiwiliwili. Mke wangu ilibidi atoke nje akachekee huko. Nimemsikia akimsimulia jirani.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nilikuwa natafuta mchinjaji mwenye muhuri. Simu imelia. Mkulima mwenyewe, kutoka ng'ambo. Sauti ya mzee, imechoka, haina hasira. Ingekuwa na hasira ningejua la kumjibu.

"Mwanangu," kasema, "huku mimi na mke wangu tunamwagilia kwa ndoo. Wiki ya tatu sasa. Jana ameshindwa kunyoosha mgongo. Niambie ukweli tu, hiyo meli inaondoka na vitu vyangu au haiondoki navyo?"

Nimesema inaondoka navyo. Kanishukuru. Kaniombea mpaka watoto wangu.

Chakula cha mchana hakikushuka, isipokuwa nusu yake. Halafu nimechukua faili, nimekwenda kwenye meza ya Mama Nyaraka, nimeliweka mbele yake.

Kasoma fomu. Kasoma cheti cha shemeji. Kavua miwani, kaifuta, kasoma cheti tena.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Nimesema alikuwa likizo.

"Nimerudi Jumatano, baba."

Katika kile kisanduku cha vidole viwili kaandika "sehemu za mtambo wa upepo", na nafasi ikabaki. Kachukua pochi, kaniambia nimfuate. Tumekuwa bandarini dakika arobaini. Afisa wa mifugo kaomba abaki na kile cheti, akibandike ukutani. Mama Nyaraka kakubali bila kuniuliza.

Jumamosi, 9 Machi

Meli imeondoka saa tano. Nilikuwepo kreni ilipoinua bawa la mwisho. Lilipanda polepole, jeupe, refu kama nyumba ya ghorofa tano. Nimempigia mzee. Kampa mkewe simu, mkewe kanishukuru yeye.

Saa saba bosi katangaza msimamizi wa mizigo mikubwa. Mama Nyaraka. Nimepiga makofi kwa sauti kuliko wote. Kisha huyo mama kaomba nifanywe msaidizi wake. Kasema ni heri niwe mahali anaponiona.

Jumapili, 10 Machi

Nimepumzika na kutafakari. Kosa nimeliona: shemeji. Daktari mwenye kuelewa mambo angeandika mstari wa kwanza tu.

Jana, wakati wa kufunga ofisi, nimeuona mzigo wa wiki ijayo. Ni tangi kubwa la kutengeneza gesi kutokana na samadi, linakwenda kwa mfugaji huko huko ng'ambo. Mama Nyaraka huingia saa mbili. Kesho mimi nitaingia saa moja, nikiwa na fomu iliyojazwa. Neno gesi nimeliepuka, lisije likawatia hofu watu wa bandari. Nimeeleza kwa lugha nyepesi: chombo kimoja, cha kuzikwa shambani, kilichomo ndani kitaoza chenyewe.