Miche Mia Nne ya Manjano

Jumatatu, 10 Novemba
"Mh." Basi. Jana baada ya ibada binamu yangu Imelda aliinamia kitalu changu, akaguna, akaenda zake. Mguno huo nimelala nao, nimeamka nao. Miche yake ya kahawa ni kijani tupu, na hajui hata kloroplasti ni nini! Yangu mia nne: majani machanga manjano, mishipa tu ndiyo kijani. Ijumaa chama cha wakulima wa kahawa kinachagua kitalu kimoja cha kuwauzia wanachama miche. Nikikosa, Mama kasema nakwenda kuuza dukani kwa shangazi Ferista, mjini Mlowo. Na shahada yangu!

Jumanne, 11 Novemba
Nimebaini. Upungufu wa chuma! Bila chuma jani halitengenezi klorofili. Kloroplasti zake, viwanda vya chakula vya jani, zinabaki dhaifu, hazina kazi. Majani ya zamani yanacho, lakini hayayagawii machanga. Kama ukoo wetu. Nimeng'oa misumari yenye kutu kwenye banda la nguruwe, nimeizika kwenye viriba, vile vifuko vya miche.

Jumatano, 12 Novemba
Banda limefunguka. Nguruwe wamefukua viriba sitini. Mama kampigia shangazi simu. Mbaya zaidi.

Shangazi kaja kuuliza naanza dukani lini. Kaangalia miche, kauliza naiwekea nini. Majivu, nikasema. Debe kila wiki, kwa kuwa Imelda anaweka kopo. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, kahawa inataka udongo mchachu. Majivu yameua uchachu wote."

Kumbe chuma kimo humo humo, mizizi ndiyo haiwezi kukichukua. Nilifundishwa haya mwaka wa pili. Nilipata A.

Alhamisi, 13 Novemba
Udongo hauponi kwa siku moja. Nimekwenda Tunduma, nimenunua rangi ya keki, ya kijani. Nimepaka jani moja moja kwa brashi. Inapendeza!

Ijumaa, 14 Novemba
Mvua alfajiri. Mwenyekiti, Mzee Raphaeli, alishika jani, kidole kikawa kijani. Akauliza kwa upole kama ni dawa. Nikasema ndiyo. Imelda akaguna.

Kachaguliwa yeye. Nilikuwa nafunga begi la Mlowo alipobisha hodi.

"Dada, mimi sikusoma. Njoo uniangalizie miche."

Nimeokoka!

Jumamosi, 15 Novemba
Miche ya Imelda haina tatizo lolote. Hapo ndipo mtaalamu anapohitajika. Nimeamua kuikinga na manjano mapema. Asubuhi, kabla hajaamka, nimeimwagilia yote mbolea ya chuma, mara tatu ya kipimo.