Sungura wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe kasafiri kumwona mjukuu mpya. Kaniachia sungura wake. Mimi, si mke wangu. Miaka tisa ya ndoa, na hii ni mara ya kwanza kunikabidhi kitu chenye uhai. Marehemu baba mkwe ndiye aliyemnunua, na tangu mazishi mama huzungumza naye kila asubuhi. Nimemweka kibandani kwangu, kando ya cherehani, wateja wamwone. Mgongoni ana unga mweupe, kama mba. Nimeamua ni hali ya hewa.

Jumatano, 6 Machi

Unga umezidi. Anajikuna mpaka tundu linatikisika. Mke wangu kasema tumpeleke kwa daktari wa mifugo. Nikamwambia mwanamume hakimbilii daktari kwa sababu ya mba. Nimemwogesha kwa sabuni ya kufulia. Katetemeka saa nzima, masikio yamelala, majani hakugusa. Nimemfunika kwa mabaki ya flana na kumwomba radhi. Alipokauka, begani pamebaki kipara.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mkwe kapiga simu ya video. Nilikuwa nimejiandaa: sungura alivaa kizibao cha satini, kimefunika kipara chote. Mama kacheka mpaka machozi, kawaita majirani wa huko waje waone mkwe mwenye moyo. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa anakunja satini iliyobaki. Afadhali angeniumbua.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana harusi aliyechukua suti juzi karudi anajikuna, mikono imejaa vipele vyekundu. Nimemwambia kitambaa kilitoka kwa Kipimo, yule fundi mfupi wa mlango wa pili, na kwamba huyo hulaza vitambaa chini penye panya. Uongo mtupu. Bwana harusi kaenda kwa Kipimo na sauti yake yote. Kufikia mchana wateja wawili wa Kipimo wameshachukua vitambaa vyao na kuondoka. Mimi nami najikuna tumboni, pale ninapombebea sungura. Wasiwasi tu, nadhani.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu kambeba sungura bila kuniuliza. Nikafuata. Daktari ni binti wa umri wa mpwa wangu. Kavua kizibao bila kucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kachana manyoya juu ya kitambaa cheusi, akaniambia nitazame. Ule unga ulikuwa unatembea. Ni utitiri, kasema, wadudu wanaoishi kwenye manyoya, na huuma watu pia. Kumwogesha sungura kungeweza kumuua kwa baridi na hofu. Na kizibao kilimzuia kujilamba, wadudu wakapata joto la bure.

"Nani alimshonea hiki?" akauliza.

Mke wangu kanitazama. Nikasema ni fundi mmoja.

Kamtia matone ya dawa shingoni. Turudie baada ya wiki mbili, tutupe matandiko, tusugue tundu, tufue kila kitambaa cha kibandani. Na yeyote aliyemgusa aambiwe.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwambia bwana harusi. Kisha nimekwenda kwa Kipimo. Nilisema yote pale mlangoni, mteja wake akisikia. Kipimo akakata uzi kwa meno.

"Nimekusikia, jirani," akasema, akaendelea kushona.

Ningeshukuru angenitukana. Nimerudi kibandani, nikafunga mlango mchana kweupe, nikakaa.

Jumapili, 17 Machi

Mama mkwe alirudi Alhamisi. Sungura ana nafuu, manyoya yanachipua kama ndevu za kijana. Mama alimkumbatia, akanikumbatia na mimi, akasema sasa amepata mtoto wa kiume. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Mke wangu akanikanyaga mguu ili nianze. Nikasema, "Pole na safari, mama," naye akaondoka na sungura wake.

Leo tumekwenda kumwamkia. Tumemkuta anajikuna mkono.

"Mwanangu, hivi vipele ni vya nini?"

Nimemwambia ni sabuni ya huko alikotoka. Kaamini. Papo hapo kampigia simu binti yake aliyejifungua, kamwambia aitupe sabuni yote ya mtoto. Mke wangu katoka nje.

Dozi ya pili ya sungura ni Jumamosi. Siku hiyo mama hatoki nyumbani. Lakini njia nimeshaipata: nitasema nimekuja kumpimia mapazia, dawa ikiwa mfukoni.