Gundi kwenye Sura ya Saba

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimepata! Mimi, Buya wa Idsowe, ndiye mtangazaji rasmi wa kitabu cha Afande Mramba, mpelelezi mstaafu ambaye zamani akipita stendi ya Garsen hata wasio na kosa walijificha. Griffin wa duka la fotokopi aliitaka kazi hii kwa udi na uvumba. Pole yake.

Afande aliniuliza kama nimekisoma. Nikasema nimelia mara mbili. Kurasa mia tatu na kumi na mbili! Nimesoma jalada, mbele na nyuma. Uzinduzi ni Jumamosi, uwanja wa mnada wa ng'ombe. Ukifana, atanichukua Hola, Malindi, mpaka Mombasa. Mchana kutwa nimebandika mabango: AFANDE AFICHUA YOTE. Herufi nyekundu. Wazo langu.

Jumanne, 5 Agosti
Chai na Guracha hotelini kwa Safiya, kama kila asubuhi. Huu mwaka wa nane, yeye Muorma wa ng'ombe, mimi Mpokomo wa mpunga na ndizi. Sina rafiki mwingine wa kweli. Leo hakugusa kikombe. Ameona bango. Akauliza kama hayo "yote" ni pamoja na kesi yake ya zamani ya ng'ombe, maana anataka kusikia ni nani aliyemchongea kwa Afande. Nikasema bila shaka yamo.

Nimerudi nyumbani, nimefungua kitabu kwa mara ya kwanza. Sura ya saba. Afande anaandika kwamba habari za ng'ombe wa wizi katika boma la Guracha aliletewa na kijana wa Idsowe mwenye pengo la meno ya mbele, na kwamba alimzawadia tochi ya betri sita.

Pengo ninalo. Tochi iko juu ya kabati. Garsen nzima inaijua tochi hiyo!

Jumatano, 6 Agosti
Niandike ukweli, maana daftari hili hakuna anayelisoma. Mwaka ule wa ukame nilikwenda bomani kwa Guracha kununua maziwa. Nikaona ng'ombe mmoja masikio yake yamekatwa tofauti na wenzake. Kila ukoo wa Waorma una mkato wake wa sikio, hilo nililijua. Nikamuuliza Guracha mbona huyu yuko tofauti. Alikuwa anakamua. Nikaondoka kabla hajajibu, moja kwa moja hadi kwa Afande.

Sisi watu wa mtoni tunajua mashamba. Nani alituambia kwamba mtu humwazima mwenzake ng'ombe mzima, amkamue mpaka mvua irudi? Mwenye ng'ombe alipotokea Bura na kueleza, Guracha alikuwa ameshakaa rumande miezi tisa, na wanyama wake wengi wamekufa kwa ukame bila mchungaji. Sikusema kitu. Nikaanza kumnunulia chai.

Leo nimemsihi Afande aitoe sura ya saba. Amecheka. Amesema hakunitaja jina. Eti mimi ni chanzo chake, na yeye hulinda vyanzo vyake.

Alhamisi, 7 Agosti
Wazo! Gundi ya mabango imebaki nusu sufuria. Vitabu mia mbili viko kwangu, ndani ya maboksi. Tangu saa mbili asubuhi nagandisha kurasa za 141 hadi 148, kitabu baada ya kitabu. Vidole vyangu navyo vimegandana.

Mke wangu Asenath ameuliza nafanya nini na sufuria yake ya ugali. Nikasema naimarisha vitabu. Akaitazama tochi, akanitazama mimi, akachukua jembe akaenda shambani. Anajua?

Ijumaa, 8 Agosti
Guracha hakusoma shule. Leo ameniomba mimi, rafiki yake, nimsomee kesho ile sura yake. Nikamwambia imetolewa.  Akaniuliza kama sina lolote la kumwambia. Nikasema sina. Basi, akasema, binti yake Qabale anakuja kutoka chuoni, ataitafuta mwenyewe.

Aitafute! Gundi imekauka ikawa saruji.

Jumamosi, 9 Agosti
Griffin! Nyoka yule! Amefungua kitabu mbele ya umati, akakitikisa, akatangaza kwa kipaza sauti changu kwamba kuna kurasa zilizofungwa, siri nzito ambazo Afande hataki zisomwe. Vitabu viliisha hata sala haijaombwa. Watu wakaloweka kurasa kwa chai, kwa soda, mama mmoja kwa mate. Sura ya kwanza hakuna aliyeigusa. Afande amenishika mkono, akasema hajawahi kuona mtangazaji kama mimi.

Qabale akamsomea baba yake kwa sauti. Alipofika kwenye pengo, nilifunga mdomo. Alipofika kwenye tochi, watu wote waligeuka kunitazama. Wapwa wa Guracha walikuwa na fimbo zao.

Guracha akasimama. Aliwaambia wapwa wake wakae. Akasema alijua tangu wiki ile ile, kwa sababu ni mtu mmoja tu aliyeuliza juu ya masikio. Miaka minane amekunywa chai yangu akingoja nimwambie kwa kinywa changu. Jana alinipa nafasi ya mwisho. Akaondoka. Nimelia, na safari hii si uongo.

Jumapili, 10 Agosti
Nimekunywa chai peke yangu. Haina ladha.

Alasiri Qabale amefika na ng'ombe mwenye maziwa. Amesema baba yake ananiazima, nimkamue mpaka mvua irudi. Hilo ndilo jibu la swali nililouliza nikaondoka. Nikishalielewa, niende kwa Safiya, kiti kipo. Asenath alifuta machozi kwa kanga. Mimi nimekaa na ng'ombe saa nzima nikiyashika masikio yake. Nimeelewa! Nimeelewa kabisa!

Jumatatu, 11 Agosti
Nilikuwa njiani kwenda kwa Safiya kumwambia Guracha nimeelewa. Nikapita nyuma ya duka la Griffin. Kuna ng'ombe amefungwa! Nimechungulia masikio. Mkato ni ule ule wa ng'ombe wangu. Ng'ombe wa Guracha, kwa Griffin? Wizi mtupu! Griffin ametoka na kibuyu cha maziwa, akaanza kueleza kitu. Sikungoja.

Safari hii namtetea rafiki yangu. Chai itasubiri. Nimekimbia moja kwa moja hadi kwa Afande, naye ametoa kalamu. Nimemwomba jambo moja tu: katika kitabu cha pili, asitaje pengo.