Mlango wa Ofisi Uko Benchini

Redio alifika benchini mate yakimruka. Walimpa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kumzima.

"Mmesikia? Ofisi ya ng'ambo ya barabara imetekwa. Wadukuzi wamebadili kufuli zote za mtandao, hata Bosi mwenyewe haingii. Na hawako duniani."

"Wako wapi?" Kinyozi aliuliza kutoka mlangoni kwake, hatua mbili tu na benchi.

"Sayari ile yenye pete."

Waya alipaliwa na kahawa. Mtandao wa ofisi hiyo ndiyo kazi yake, na kufuli hizo alizibadili yeye mwenyewe, jana, akiwa amekalia benchi hili hili. Shangazi, muuza kahawa, alimpigapiga mgongoni mpaka akatulia.

"Sema, mwanangu," akamwambia. "Kahawa yangu haimpalii mtu asiye na siri."

Ikabidi aseme. Ofisi ina kisanduku kinacholinda mtandao, bawabu kamili wa getini. Jana alikipanga kwamba yeyote anayeingia kwenye mtandao huo akubaliwe akitokea anwani moja tu ya intaneti. Wa kwingine kote atimuliwe. Kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "anwani unayotumia sasa". Akakibonyeza, akajipongeza, akaagiza kikombe kingine. Kilichomtoka akilini ni kwamba alikuwa anatumia intaneti ya Kinyozi.

"Kwa hiyo dunia nzima," Redio alisema polepole, "pa kuingilia ni benchini?"

"Hapa tu."

Kinyozi alikaa wima kama ameapishwa. Redio akapendekeza iundwe kamati ya mpaka, wageni wakaguliwe na kugongewa muhuri. Shangazi akasema muhuri hana, atawagongea kwa kikombe.

Waya hakuona cha kuchekesha. Bosi wake, mtu ambaye kila saa tisa alasiri hubeba kompyuta yake na kwenda kwenye mkutano ambao hakuna anayethubutu kuuulizia, alikuwa ameshatangaza: atakayeonekana kijiweni saa za kazi, ajihesabu hana kazi. Kurekebisha kosa ni jambo dogo, ila kisanduku kikishafungwa hivyo hakikubali kubadilishiwa ruhusa mpaka Bosi naye aweke neno lake la siri, na aliweke akiwa hapa. Kumwita ni kujifukuzisha. Kunyamaza ni kuiacha ofisi nzima nje.

"Nyamaza," Redio alimshauri. "Mimi nitaendelea na ile ya sayari."

Mara akaja mteja, kichwa msitu. Kinyozi akainuka. Soketi yake ni moja: mashine ya kunyolea ikiingia, kimashine cha intaneti kinatoka, na kikiwashwa tena kinakuja na anwani mpya. Waya akamdaka shati.

"Ukikichomoa, kaka, hata hapa hatutaingia tena."

"Na mteja wangu?"

"Mwambie nywele zinampendeza."

Mteja alijitazama kwenye kioo, akaanza kukubali. Lakini Waya alijua bahati hiyo haitajirudia. Akampigia Bosi simu, akakiri yote, na benchi akalitaja. Moyo ulimuuma; kazi ile aliipenda.

Bosi alivuka barabara na kompyuta kwapani, uso umekunjwa. Redio akawahi kumweleza habari za sayari. Bosi akamkata: hana muda wa upuuzi. Kisha akamgeukia Waya.

"Wewe tutaonana ofisini. Naanzia wapi?"

"Kwanza ujiunge na intaneti ya Kinyozi, mzee. Neno lake la siri ni..."

Hakumaliza. Kompyuta ya Bosi ilikuwa imeshajiunga yenyewe, na kompyuta haijiungi yenyewe ila pale ilipowahi kuunganishwa. Waya akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama viatu vyake.

Shangazi akaweka kikombe mbele ya Bosi, sukari tele, bila kuulizwa.

"Leo umewahi, baba," akasema. "Mkutano wa saa tisa umeanza mapema?"

Bosi aliandika neno lake la siri. Waya akaiongeza anwani ya ofisi, mlango ukafunguka, naye akauliza kwa adabu zote kama ile ya benchini aifute.

"Iache," Bosi alisema, akipuliza kahawa. "Huwezi kujua. Na ofisini leo usiharakishe kurudi."

Redio alikuwa ameshasimama, miguu inamwasha, mdomo unamwasha zaidi. Bosi akamdaka shati.

"Ndugu yangu," akamwambia, "endelea na ile ya sayari."