Nipe Koti Langu, Sikuja Kukaa

Jumatatu, 6 Mei

Wifi, najua unasoma. Usijifanye. Kila ukija kwangu unasema unakwenda kunyoosha mgongo chumbani, kumbe unanyoosha mkono chini ya godoro. Mara ya mwisho uliniachia makombo ya biskuti katikati ya daftari. Na sasa wiki sita hujakanyaga hapa. Sita! Umevunjika mguu? Shajara ni siri, sawa, lakini siri isiyo na mtu wa kuiiba ina raha gani? Naandika peke yangu kama kichaa.

Basi soma, maana umepitwa na mengi.

Kitinda mimba wangu anakuja Jumamosi ya wiki ijayo na binti yake. Mjukuu wangu huyo ana miaka saba na nimemwona kwenye simu tu. Anajua Kiingereza peke yake. Mama yake alimlea nacho, shule ikamalizia, na mwanangu akakaa kimya kama gunia. Nikitaka kuzungumza na mtoto, baba mtu anatafsiri. Natoa maneno thelathini yenye moyo ndani, yeye anampa mtoto matatu. Leo nilimsimulia jinsi baba yake alivyonyonya kidole mpaka darasa la tano. Kisa kizima, na sauti za watu. Kikatafsiriwa kwa neno moja. Mtoto akasema asante. Asante ya nini?

Watakaa siku kumi. Sitaki mkalimani nyumbani kwangu. Nimejiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima, chumba cha juu cha maktaba. Mimi! Niliyeshindwa kuvuka hata kizingiti cha shule, herufi zenyewe nikaziiba kwa watoto wangu wakifanya kazi za shule huku nachambua mboga.

Alhamisi, 9 Mei

Darasa halina kitabu. Mwalimu, msichana mwembamba mwenye sauti ya watu watatu, anafundisha kwa filamu. Si filamu nzima. Kipande cha dakika tatu, na ndicho tutakachokitafuna wiki mbili. Leo alikirusha ukutani bila sauti. Jikoni. Mwanamke anamenya viazi. Mwanamume anaingia na begi, haketi. Anaongea weee. Mwanamke hainui kichwa. Mwanamume anatoka kwa mlango wa nyuma. Basi.

Nikamwambia mwalimu, kama ni kutazama watu wakinuniana, majirani zangu wapo, tena wana sauti. Akacheka. Akarudisha mwanzo, akasimamisha picha, akauliza kwa nini yule bwana haketi.

Karani akainua mkono. Lazima nikueleze huyu Karani. Mstaafu. Kapiga chapa barua za ofisi miaka thelathini. Anavaa tai kwenye joto hili, na hata akiomba maji utadhani anajibu barua ya mkuu wa idara. Akasema bwana haketi kwa sababu ana haraka, gari litamwacha.

Nikamuuliza, haraka gani? Tazama mkono. Ameshika mgongo wa kiti tangu aingie. Mwenye haraka hashiki kiti. Huyo anasubiri aambiwe aketi. Na mke naye, tazama mguu wake chini ya meza, anakisukuma kile kiti kumwelekea mumewe. Anamwambia aketi, ila mdomo wake mgumu.

Mwalimu akarudisha picha mara tatu. Mguu upo! Yeye mwenyewe hakuwahi kuuona, na anafundisha kipande hicho mwaka wa pili. Akaandika ubaoni. Karani akafuta miwani, kana kwamba miwani ndiyo yenye kosa.

Jumatatu, 13 Mei

Leo sauti. Wanaongea upesi kama mafuta ya moto. Mwalimu anataka tuchukue neno moja moja, tuligeuze, tulitumie kwingine. Moja moja! Nina siku tano, na mwalimu anataka nidonoe kama kuku.

Nina mpango. Nitameza kipande kizima kama kilivyo. Wale ni watu kamili, wanaongea Kiingereza kamili. Nikiwameza, nimemeza Kiingereza. Maana itakuja yenyewe baadaye, kama mapenzi yalivyonijia kwa kaka yako.

Ijumaa wanafunzi wawili wataigiza. Mwanamume ana mistari kumi na tisa. Mwanamke ana sita. Mjinga gani achukue sita?

Tatizo, Karani naye aliitaka kumi na tisa. Nikamvuta ngazini. Nikamwambia kwa unyenyekevu, kaka, maneno mengi ni ya sisi wa kubahatisha. Yale sita ya mke ndiyo mazito. Yanataka mtu aliyekaa na Kiingereza ofisini. Akashika tai yake. Akasema kwa kweli hata yeye alikuwa ameliona hilo. Akaenda mwenyewe kumwomba mwalimu!

Nilicheka njia nzima. Mwavuli niliusahau.

Jumatano, 15 Mei

Mwalimu amenitilia sauti kwenye simu. Nasikiliza nikifua, nikifagia, nikikuna nazi. Ninayo mistari kumi na saba, na pumzi zake, na ule mguno kabla ya mstari wa tano. Asubuhi nilimjaribishia muuza maziwa. Akageuza baiskeli, hakuniachia hata kikombe. Nikajua tayari naongea kama mwenye lugha.

Halafu mwanangu akapiga simu. Akazunguka, akazunguka, nikamwambia tema. Akatema. Mtoto ameuliza kama wanaweza kulala hotelini. Anasema bibi kwenye simu anaongea kwa sauti kubwa na yeye haelewi, anaogopa.

Hotelini.

Nilikwenda kukaa kwenye kitanda nilichomtandikia. Shuka lenye vipepeo. Kisha nikarudi kwenye mstari wa kumi na nane. Sina muda wa kulia, nina mistari miwili.

Ijumaa, 17 Mei

Ushindi! Mwalimu aliweka meza, kiti, sufuria. Karani akafungwa aproni juu ya tai. Wifi, yule mzee hajawahi kumenya kiazi tangu azaliwe. Alianza na kiazi cha ukubwa wa ngumi, tulipofika katikati kimebaki kama karanga. Mistari yake sita aliisema kama anasoma kumbukumbu za kikao.

Mimi? Niliingia na begi. Nikashika mgongo wa kiti. Kumi na tisa, sikukosa hata pumzi. Nikatoka kwa mlango, nikajikuta kwenye kabati la mafagio, nikabaki humo kwa heshima mpaka makofi yaishe. Mwalimu alifuta machozi. Akaniuliza pembeni kama najua nilichosema. Nikamwambia, mwanangu, wewe umefundisha vizuri, usianze kujitilia shaka.

Kesho wanakuja.

Jumamosi, 18 Mei

Andaa leso, Wifi.

Gari likasimama. Mwanangu akanikumbatia, akasema mama umepungua, mwongo huyo. Nyuma yake mtoto. Mdogo kuliko kwenye simu. Koti jekundu limefungwa mpaka kidevuni. Nikasimama mlangoni kama yule bwana wa ukutani, kikapu cha sokoni badala ya begi. Nikaanza. Mstari wa kwanza mpaka wa saba, na mguno wake.

Mtoto akakodoa macho. Akafungua vifungo kimoja kimoja. Akavua koti, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Mwanangu alikuwa ameketi kwenye ngazi, kashika tumbo kwa kicheko.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "umemwambia, sikuja kukaa, nipe koti langu, na usinitafute tena."

Nikatamani ardhi inimeze na kikapu changu. Nikapekua kichwani mstari mwingine. Wa nane mpaka wa kumi na tisa, yote ya mtu anayeondoka! Neno la kumwambia mtu aketi, kama lipo, analo Karani. Nilimgawia mwenyewe, ngazini, nikicheka.

Tukaingia jikoni. Mwanangu akarudi kushusha mizigo. Mtoto akasimama kando ya meza. Haketi. Ila mkono wake, Wifi, ulikuwa juu ya mgongo wa kiti.

Mkono ule ule.

Nikatundika koti lake kwenye kiti hicho. Nikachukua kisu, nikaanza kumenya viazi. Sikumtazama. Nikapitisha mguu chini ya meza, goti langu bovu likalia ko, nikakisukuma kiti polepole kumwelekea. Kikakwaruza sakafu. Mtoto akatazama kiti. Akainama, akautazama mguu wangu. Akaketi.

Nikaendelea na viazi. Baadaye kitu kikagusa kiatu changu. Kiatu kidogo, kinasukuma. Nikasukuma. Akasukuma. Nikasukuma kwa nguvu, akateleza na kiti chake, akacheka. Kicheko cha marehemu kaka yako kabisa, kile cha kuanzia puani.

Mwanangu akaingia na sanduku, akauliza tumeambiana nini. Nikamwambia hayamhusu.

Usiku huu mtoto yuko kwenye vipepeo. Hoteli hakuna aliyeitaja.

Jumatatu, 20 Mei

Nyumba imegeuka. Kila saa mtoto ananiletea kikapu, niigize. Yeye sasa ndiye mke, mistari sita kaishika kutoka simu yangu kwa siku moja, na kiazi anakimenya vizuri kuliko Karani. Nikisema nipe koti langu, ananipa taulo, soksi, kofia ya baba yake. Nikisema usinitafute, natoka mlango wa nyuma, najificha nyuma ya pipa la maji, naye ananitafuta kote huku akipiga kelele. Jana nilikwama pale, goti lilikataa. Alinivuta kwa mikono miwili. Mkalimani wetu amelala mchana kutwa, hana kazi.

Mwanangu ananisihi sasa nijifunze maneno madogo. Maji. Njoo. Lala. Anasema mtu haongei na mtoto kwa maneno ya mwanamume anayekimbia nyumba yake. Nikamwuliza ni nani hapa anayemchekesha mtoto, yeye au mimi? Akarudi kulala.

Leo darasani kipande kipya. Mahakama! Hakimu anaongea dakika nne bila kukatizwa. Nimehesabu mistari arobaini na mmoja. Sauti tamu, ya upole, anamtazama yule kijana mbele yake kama mama. Mwalimu alianza kueleza maana, kitu kuhusu miaka kumi na miwili, lakini nilikuwa na shughuli. Karani alikuwa amekwisha kuinua mkono kumtaka hakimu. Nikamvuta ngazini. Nikamwambia, kaka, kijana yule anasema maneno mawili tu, na hayo mawili ndiyo yanayotaka msomi.

Akashika tai yake.

Mtoto anaondoka tarehe 28. Nitakuwa nimeimeza yote arobaini na mmoja. Nitamwambia uwanja wa ndege, taratibu, nikimtazama machoni, mbele ya wasafiri wote. Hatausahau upendo wangu.

Nawe Wifi, ukija, kabla hajaondoka, tafadhali, usigonge wala usijieleze wiki sita ulikuwa wapi. Ingia jikoni, shika mgongo wa kiti, nyamaza. Mguu wangu utajua la kufanya. Na biskuti uzile huko huko mezani.