Bwana Kalisti Apata Bibi

Tatizo la Kalangalala, pale Geita, lilikuwa moja tu: watu walikuwa wanajitolea bila kibali.

Aliyeligundua ni Bwana Kalisti, Msimamizi wa Jumba la Maendeleo, Jumatatu moja ya mwaka sabini na sita, alipofika kazini mapema kwa bahati mbaya. Ndani ya jumba alimkuta Bibi Chausiku amewakalisha mkekani watoto wa akina mama waliokwenda kulima pamba, anawagawia uji wa mtama. Barazani, Mzee Athanas, aliyekuwa seremala wa mgodini mpaka mgodi ulipofungwa, alikuwa anawafundisha vijana kuranda mbao. Na juu ya paa kijana Herman alikuwa anaziba bati linalovuja huku anaimba. Hakuna aliyetumwa. Hakuna aliyelipwa. Hakuna hata aliyeomba.

"Nani kawaruhusu?" Bwana Kalisti akauliza.

"Kuruhusu nini, baba?" Bibi Chausiku alikuwa na upawa mkononi.

"Hicho mnachofanya."

"Si tunajitolea."

"Kujitolea nakuona. Nauliza, mnajitolea kwa utaratibu gani?"

Bibi Chausiku akautazama upawa. "Kwa huu, baba."

Ieleweke kwamba Bwana Kalisti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetaka Mwanza. Alitaka ofisi yenye feni na nyumba ambayo ukifungua dirisha unaona ziwa, na alikuwa ameyataka hayo kwa miaka tisa. Lakini Mwanza haendi mtu mikono mitupu. Lazima uwe na mpango. Na mpaka siku ile, mpango pekee aliokuwa ameuendesha jumbani ulikuwa wa kuku wake mwenyewe, aliowaweka chumba cha nyuma ili wasisumbuliwe na jamii.

Akawatoa watu nje, akafunga mlango kwa kufuli, akasimama kwenye ngazi na kutangaza:

"Kuanzia sasa kujitolea kote kumesimamishwa, mpaka kujitolea kutakapoandaliwa rasmi!"

"Na mimi nishuke?" Herman akauliza kutoka juu ya bati.

"Wewe uko huko juu kinyume cha sheria. Shuka kwa hiari yako."

Mvua zikaanza. Watoto wakawa wanakunywa uji wao wamejibanza chini ya upenu wa jumba, nusu kikombe uji, nusu maji ya mvua. Vikohozi vikaingia. Kila asubuhi Bibi Chausiku alikwenda ofisini kuomba ufunguo.

"Watoto wananyeshewa, baba."

"Wavumilie kidogo, mama. Mpango uko mezani."

"Hiyo meza ni kubwa? Basi tuwaweke chini yake."

Bwana Kalisti hakucheka. Alikuwa anaandika. Mpango uliitwa Mpango wa Kuunganisha Vizazi. Kila mzee angepewa kijana mmoja, kila kijana mzee mmoja, na hapo ndipo wangeruhusiwa kujitolea, wawili wawili, kama viatu. Ili maneno yawe na uzito, aliandika kwamba waliounganishwa watahesabiwa kuwa bibi au babu na mjukuu wake, pamoja na haki zote, desturi zote na wajibu wote. Alipofika hapo aliweka kalamu chini akajisomea kwa sauti. Aliona amesema jambo.

Generosa, mpiga chapa wake, akasimamisha vidole. "Desturi zote, mzee? Hata utani?"

"Zote ni zote. Piga."

Kisha akaongeza kifungu cha nne, kwa kuwa vijana wa Geita siku hizo walikuwa wakisikia dhahabu imeonekana mahali wanaondoka hata na kijiko mdomoni. Kifungu kilisema: mjukuu hatahama Geita kwa sababu yoyote ile maadamu bibi au babu yake yu hai.

Mkubwa mmoja wa mkoani, Bwana Sabiti, akakubali kuja kuuzindua. Huyo ndiye aliyekuwa na Mwanza mkononi. Jumba likafunguliwa, likafagiliwa, likapigwa chokaa mpaka pale macho ya mgeni yangefika. Chumba cha nyuma kikabaki na kufuli yake. Bwana Kalisti akapanga jozi zake uwanjani: mzee, kijana, mzee, kijana. Alipofika mwisho wa mstari akamkuta Bibi Chausiku amesimama peke yake.

"Yuko wapi mjukuu wako?"

"Herman? Yuko Segese. Kashuka shimoni, duara, anachimba dhahabu."

"Kifungu cha nne kinakataza!"

"Labda hakukisikia. Alikuwa juu ya bati."

Gari la mgeni lilikuwa limeshakunja kona. Jozi moja pungufu, na mgeni alikuwa ameambiwa jozi zote zimekamilika. Bwana Kalisti akafikiri kama afisa, yaani haraka na bila kumuuliza mtu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, lakini mpango haukutaja umri. Akavuta tumbo ndani, akasimama kando ya Bibi Chausiku.

"Leo mimi ndiye mjukuu wako," akamnong'oneza.

Bibi Chausiku akamtazama juu mpaka chini, taratibu, kama anachagua samaki. "Una hakika, baba?"

"Ni amri."

"Haya."

Bwana Sabiti akashuka, akapigiwa makofi, akasomewa mpango mzima, kifungu kwa kifungu, na Bwana Kalisti mwenyewe. Ukamfurahisha. Bwana Kalisti akarudi kando ya bibi yake, na mgeni akapita kwenye mstari akishika mikono. Alipofika mwisho, akasimama.

"Na huyu mjukuu mwenye kitambi?"

"Huyu ni wangu, baba," Bibi Chausiku akasema. "Huyu ndiye mume wangu."

Uwanja ukalipuka. Kila mtu anajua haki za bibi kwa mjukuu wake. Atamwita mume, atamvua kofia, atachukua cha kwake mchana kweupe, na mjukuu akinuna, aibu ni ya mjukuu.

"Mbona huniamkii, mume wangu?"

"Shikamoo, bibi," Bwana Kalisti akasema akiuma meno.

"Marahaba. Jua kali." Akamvua kofia, akaivaa juu ya mtandio. Kisha akakiendea kile kiti cha kuzunguka kilichotolewa ofisini kwa ajili ya msimamizi, akakikalia, akajizungusha mara moja kukijaribu. "Kizuri. Ulikuwa unanificha. Na hizo funguo kiunoni za nini? Lini umeona mwanamume anatembea na funguo za nyumba, mke yupo?"

"Bibi, hizi ni mali ya ofisi..."

"Ananuna!" Mzee Athanas akapiga kelele kutoka kule mbele. "Ng'wanawane, mwanangu, usinune! Desturi zote!"

Bwana Sabiti alikuwa anajifuta machozi. "Mpe funguo, bwana. Umeandika mwenyewe."

Akampa. Bibi Chausiku hakupoteza muda na mlango mkubwa. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, na kicheko kikakatika, maana kuku walitoka wakipiga mbawa, wamenona, mmoja akapita katikati ya miguu ya mgeni rasmi.

"Hawa ni wa nani?" Bwana Sabiti akauliza, safari hii bila kucheka.

Bwana Kalisti akafungua mdomo. Akisema ni wake, ameliibia jumba. Akisema si wake, amewapoteza.

Bibi Chausiku akamwokoa. "Ni wangu. Mume wangu ananifugia. Na hiki chumba alikuwa ananitunzia, watoto wangu wasilale na mvua. Si ndiyo, mume wangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Hatoi kitu bila kubembelezwa, lakini ana moyo."

Basi kuku wakachinjwa, mgeni akala, watoto wakala mpaka wakalala pale pale, kwenye chumba kikavu. Bwana Kalisti alingoja mgeni anawe mikono, ndipo akamsogelea na kukohoa kidogo kuhusu Mwanza.

"Nilikuja nia yangu niondoke na wewe," Bwana Sabiti akasema. "Lakini kifungu cha nne, bwana. Nimekipenda sana. Siwezi kukivunja siku ya uzinduzi." Akamgeukia Bibi Chausiku. "Bibi, afya yako ikoje?"

"Sijui hata dawa inafananaje. Mama yangu alifika miaka mia na ushee, na alikufa kwa kuanguka." Akamtazama mkubwa kwa makini, macho yakashuka mpaka kwenye saa yake ya mkononi. "Na wewe, baba, umeshapewa bibi?"

Bwana Sabiti alikuwa ameshaingia garini kabla dereva hajapata ufunguo.

Gharama za mpango zilikuwa hivi. Serikali haikutoa kitu. Mzee Athanas alipoteza msumeno mmoja, uliovunjwa na mjukuu wake mpya. Bwana Kalisti alitoa kofia, kiti cha kuzunguka, chumba, ndoo mbili za maji ya bibi yake kila asubuhi, kuku kumi na wanne pamoja na jogoo wao, na Mwanza.