Opondo na Kifungo cha Kando ya Barabara

Wekeni chini masufuria na simu zenu, enyi watu wa Soweto West, nanyi wa Kawangware msogee, niwasimulie siku Opondo mwana wa Obiero, fundi wa kuchomelea mageti, mbabe wa cheche, alipoishambulia ardhi kando ya barabara akarudi kwake na nyara.

Opondo alikuwa ameunda chombo cha kutafutia vyuma vilivyozikwa, kwa redio kuukuu, waya na mpini wa fagio. Mahali pale, watu husimulia, askari wa zama za Mwingereza walipiga gwaride kabla mabati hayajajulikana, naye alitamani kushika kitu chao japo kimoja. Majuma mengi hakuvuna ila vizibo vya soda, hata mtaa ukamwita Bwana Vizibo, na mkewe Nereah akatoa hukumu: "Ukiniletea kizibo kingine, hiyo mashine naipeleka kwa watu wa skrepu."

Ikafika siku ya barabara kutiwa lami. Asubuhi hiyo chombo kikalia kuliko kilivyowahi kulia, na kilipolilia ni chini ya jiko la Kavetsa, malkia wa chapati, ambaye Ng'ang'a, msimamizi wa ujenzi, alikuwa amemsihi ahame hadi sauti ikamkauka.

Opondo akavua kofia, akanena: "Kavetsa dada yangu, chini ya jiko lako kuna historia. Lami ikishuka, tumeipoteza. Nakuomba usogee kidogo tu."

Kavetsa akapindua chapati. "Opondo, mimi nimeambiwa nisogee na askari wa kanjo, na mvua, na huyu Ng'ang'a. Sijasogea. Historia yako imengoja miaka hiyo yote, ingoje chapati iive."

Opondo akavaa glovu zake za kuchomelea. "Basi wewe endelea kupika. Jiko nitabeba mimi."

Likainuka jiko likiwaka, mafuta yakinguruma, moshi ukimpofusha shujaa, naye Kavetsa akitembea ubavuni mwake akipindua, wala haikuungua chapati hata moja. Ng'ang'a, akiona kazi iliyomshinda imefanywa na mwenye fimbo ya redio, akazima mashine ya kushindilia. "Haya, chimba," akasema. "Lakini chapchap."

Sururu ikapaa, ikashuka. Kikatoka kizibo. Umati ukaangua kicheko. Akachimba tena. Kikatoka kijiko, Kavetsa akakinyakua: "Hiki ni changu." Kisha likatoka donge la udongo, ambalo Opondo alikaribia kulitupa, lakini Kavetsa akalichovya kwenye ndoo ya vyombo, akalisugua kwa kidole gumba, na shaba ikachungulia: kifungo cha koti la askari, chenye alama ya tarumbeta.

Opondo akakipokea kwa viganja viwili. Alimfikiria yule askari aliyekidondosha, pengine akachapwa kwa kukipoteza.

Nyumbani, Nereah alikigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. "Hiki si kizibo," akatangaza, na vita vikaisha. Kisha akachukua sindano, akakishona kwenye ovaroli ya mumewe, mahali palipokuwa pameshikwa na pini tangu Krismasi.

Basi andikeni, enyi mnaoandika mambo ya mataifa: dola ile kuu ilikuja, ikatawala, ikaondoka, na hatimaye ovaroli ya Opondo ikafungika hadi shingoni. Alipopita Soko la Toi kesho yake, kifua mbele, hata wauza mitumba walimpisha.